Lekhika ni nani?

Msemaji wa Kiswahili akitega sikio kwenye Kihindi, hachelewi kukutana na jamaa zake. Kalamu ni qalam. Kitabu ni kitaab. Duka ni dukaan. Akifika kwa mtu anayeishika hiyo kalamu, hapo ndipo njia zinapoachana. Sisi tuna mwandishi, awe baba au mama, neno halibagui. Kihindi kina maneno mawili: lekhak ni mwandishi wa kiume, lekhika ni wa kike. Na haliishii kwenye jina. Mwanamume akitaka kusema "ninaandika" husema main likhta hoon. Mwanamke husema main likhti hoon. Kitenzi chenyewe kinamtaja. Hawezi kusema kwamba anaandika bila kusema papo hapo kwamba yeye ni mwanamke.

Neno lekhika limo pia katika Kibengali na Kimarathi, na Kikannada kina lekhaki. Kimalayalam, lugha ya Kerala, kina pennezhuthu, yaani uandishi wa kike: penn ni mwanamke, ezhuthu ni maandishi. Kamusi itakutafsiria "mwandishi wa kike" na kuendelea na neno linalofuata. Tafsiri hiyo ni sahihi, ila imeacha nje karibu kila kitu. Kwa sehemu kubwa ya historia ya India, kumwita mwanamke lekhika kulikuwa ni kusema kwamba amepita mahali palipofungwa. Kwa hiyo ukitaka kujua aliandika nini, anza kwa kuuliza alipitia wapi: nani alimfundisha herufi, karatasi aliipata vipi, na saa ngapi nyumba ililala akabaki peke yake.

Chukua Rassundari Devi, mwanamke wa Bengali ya mashariki aliyezaliwa mwanzoni mwa karne ya 19, eneo ambalo leo ni Bangladesh. Aliolewa akiwa na miaka 12, akazaa watoto 12, na nyumba nzima ikamwegemea. Siku hizo watu wengi waliamini kwamba mwanamke akijua kusoma atakuwa mjane. Yeye alitamani kusoma Chaitanya Bhagavata, kitabu cha dini cha nyumbani kwao. Siku moja akachomoa ukurasa mmoja wa kitabu hicho akauficha jikoni. Kisha akachukua jani la mtende ambalo mwanawe mkubwa alifanyia mazoezi ya mwandiko, akawa analinganisha herufi na herufi. Alipika kwa mkono mmoja na kushika ukurasa kwa mwingine, akichungulia kupitia ushungi wake. Ilimchukua muda mrefu sana. Baadaye akaandika maisha yake, Amar Jiban, "Maisha Yangu", kitabu kinachohesabiwa kuwa tawasifu ya kwanza kamili katika Kibengali. Lugha ile yenye washairi na wasomi wengi ilipata tawasifu yake ya kwanza kutoka kwa mama aliyejifunza kusoma kando ya sufuria.

Nimekaa juu ya kisa hiki kwa sababu kinajirudia. Ashapurna Devi, mzaliwa wa Kolkata mwaka 1909, hakupelekwa shule; nyanya yake alikataa. Alikaa mbele ya kaka zake walipokuwa wakifundishwa, akaziokota herufi kwa kusikiliza na kutazama. Mwaka 1976 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Jnanpith, mojawapo ya tuzo kubwa kabisa za fasihi nchini India. Rokeya Sakhawat Hossain, binti wa familia ya Kiislamu ya Rangpur, alisomeshwa na kaka yake usiku kwa mwanga wa mshumaa, wengine wakiwa wamelala. Mwaka 1905 akachapisha Sultana's Dream, hadithi ya nchi ambamo wanaume ndio wanaofungiwa ndani na wanawake wanaendesha serikali na sayansi, wanavuna nguvu za jua na kukinga maji ya mawingu. Miaka michache baadaye, mwaka 1911, akafungua shule ya wasichana Kolkata. Yeye aliandika juu ya kufungiwa akiwa anajua vizuri ukuta ulivyo kwa upande wa ndani.

Usidhani hadithi hii ilianza na Waingereza au na shule za wamisionari. Kuna mkusanyiko wa mashairi ya watawa wa kike wa Kibudha katika lugha ya Kipali, Therigatha, wenye umri wa miaka zaidi ya 2,000. Mmoja wao, Mutta, anashangilia kwamba amewekwa huru na vitu vitatu vilivyopinda: kinu, mchi, na mume wake. Karne nyingi baadaye, katika nchi ya Kimarathi, Janabai alikuwa mtumishi katika nyumba ya Namdev, mshairi mtakatifu. Katika nyimbo zake Mungu mwenyewe anakuja kumsaidia kusaga nafaka. Hawa hawakuwa na kalamu. Walitunga kwa mdomo, na watu wakahifadhi. Dini iliwafungulia mlango ambao ndoa iliufunga: mwanamke aliyesema "mimi nimeolewa na Mungu" aliweza kutoka nje ya nyumba.

Kulikuwa na mlango mwingine, na huu watu wa heshima hawakupenda kuutaja. Wanawake wa ngoma na nyimbo, wa mahekaluni na wa ikulu, walifundishwa kusoma, muziki na lugha mbili tatu, wakati binti wa familia "njema" hakufundishwa hata jina lake. Muddupalani alikuwa mmoja wao, katika ikulu ya Thanjavur karne ya 18. Aliandika kwa Kitelugu Radhika Santvanam, utenzi juu ya Krishna, mungu wa Kihindu, na mpenzi wake Radha, na ndani yake matamanio ya mwanamke yametajwa bila kuona haya. Mwaka 1910 Bangalore Nagarathnamma, mwimbaji aliyetoka katika jamii hiyo hiyo, alikichapisha upya kitabu kizima. Serikali ya kikoloni ikakipiga marufuku mwaka uliofuata, na marufuku haikuondolewa hadi karibu na uhuru. Kwangu hapa ndipo penye uchungu mkubwa katika historia yote ya lekhika: heshima na elimu ziliwekwa pande mbili, na mwanamke akaambiwa achague.

Kisha kuna tabaka la kuzaliwa. Bila hilo utaelewa nusu tu. Mwaka 1848 Savitribai Phule na mumewe Jotirao walifungua shule ya wasichana mjini Pune. Savitribai alirushiwa matope na samadi njiani akienda kufundisha. Mwaka 1855 msichana wa miaka 14 katika shule zao, Mukta Salve, wa jamii ya Mang iliyohesabiwa kuwa najisi, aliandika insha ikachapishwa gazetini. Hoja yake inakata kama wembe: kama Mabrahmani, tabaka la makuhani, wanasema vitabu vitakatifu ni vyao peke yao, basi sisi hatuna kitabu, na kama hatuna kitabu, dini yetu ni ipi? Alikuwa mtoto wa shule.

Kutoka hapo mstari unakwenda moja kwa moja hadi kwa waandishi wa kike wa Dalit, yaani jamii zilizohesabiwa kuwa najisi, wa karne ya 20. Baby Kamble, wa jamii ya Mahar, alikuwa na duka dogo Phaltan, katika jimbo la Maharashtra. Alisoma magazeti yaliyoletwa dukani kwa ajili ya kufungia bidhaa. Kipande cha gazeti kabla hakijafunga sukari kilikuwa ndiyo maktaba yake. Humo dukani, wateja wakipungua, aliandika maisha ya watu wake, na daftari alilificha mumewe asilione kwa muda wa miaka 20. Kitabu chake, Jina Amucha, "Maisha Yetu", hakisemi "maisha yangu", na tofauti hiyo alikusudia. Anaeleza njaa na dharau ya matabaka ya juu, lakini hafichi kipigo alichokula mke ndani ya nyumba ya Mahar yenyewe.

Bama, Mkristo wa Dalit kutoka Tamil Nadu, alikuwa mtawa wa Kikatoliki hadi alipochoshwa na ubaguzi wa tabaka ndani ya utawa wenyewe, akatoka. Mwaka 1992 akachapisha Karukku. Jina hilo ni kuti la mvumo, ambalo shina lake lina meno pande zote mbili kama msumeno. Aliandika kwa Kitamil cha kijijini kwao, kama watu wanavyoongea mtoni na shambani, sio Kitamil cha shule. Baadhi ya wasomaji walikasirika. Kwake yeye, kusafisha lugha kungekuwa ni kuwaambia watu wake kwamba hata mdomo wao ni mchafu.

Naye Baby Halder, mfanyakazi wa nyumbani karibu na Delhi, aliolewa akiwa na miaka 12 na baadaye akatoroka na watoto wake. Mwajiri wake, profesa mstaafu, aliona kwamba kila akifuta vumbi kwenye rafu za vitabu anakawia. Akampa kalamu na daftari, akamwambia aandike maisha yake. Aliandika kwa Kibengali usiku, kazi ikiisha na watoto wakilala. Kitabu kilitoka kwanza kwa tafsiri ya Kihindi mwaka 2002.

Baada ya haya yote turudi kwenye swali la lekhika aliandika nini; sasa linajibiwa kwa njia nyingine. Wengi wameandika juu ya nyumba, na wahakiki wa kiume kwa muda mrefu waliiita hiyo mada ndogo. Lakini nyumba ndipo mahari ilipolipwa, mjane aliponyolewa nywele, urithi ulipogawanywa, na binti alipotolewa shule. Ismat Chughtai, aliyeandika kwa Kiurdu, aliiweka hadithi yake ya Lihaaf ya mwaka 1942 ndani ya chumba kimoja cha kulala: mtoto wa kike anatazama kivuli cha mfarishi kikicheza ukutani usiku, haelewi, na msomaji anaelewa kwamba bibi aliyetelekezwa na mumewe amepata faraja kwa mtumishi wake wa kike. Chughtai alishtakiwa kwa uchafu, akaitwa mahakamani Lahore. Kesi ilianguka, kwa sababu upande wa mashtaka haukuweza kuonyesha neno hata moja chafu katika hadithi nzima.

Wengine waliitazama nchi. Amrita Pritam alikimbia Lahore mwaka 1947 India ilipogawanywa, akaandika kwa Kipunjabi shairi la kumwita Waris Shah, malenga wa karne ya 18, aamke kaburini: binti mmoja wa Punjab alilia nawe ukamtungia utenzi mzima, leo wanalia laki kwa malaki. Neno ni laki hilo hilo letu. Mahasweta Devi, mzaliwa wa Dhaka, aliwaandika watu wa asili wa misituni walionyang'anywa ardhi, na katika jarida lake, Bortika, aliwapa wakulima na vibarua nafasi ya kuandika wenyewe.

Wasomaji wa nje huwajua zaidi wanaoandika kwa Kiingereza: Arundhati Roy aliyepata Booker, tuzo ya riwaya ya Uingereza, mwaka 1997, Kiran Desai mwaka 2006. Ni waandishi hodari, lakini ni kona moja ya chumba kikubwa, kona ya waliosoma shule za Kiingereza. Katiba ya India inataja lugha 22. Mwaka 2022 Geetanjali Shree aliipata Booker ya kimataifa kwa riwaya ya Kihindi, na mwaka 2025 ikamwendea Banu Mushtaq, mwanasheria na mwanaharakati wa Hassan, Karnataka, kwa hadithi fupi za Kikannada juu ya wanawake wa Kiislamu wa kusini, hadithi alizoziandika kwa zaidi ya miaka 30. Hawakuanza kuandika siku tafsiri zilipotoka.

Kwetu Afrika Mashariki pana tahadhari moja. Mhindi tunamwita hata yule aliyezaliwa Ngara au Kariakoo, kama babu yake. Shailja Patel na Neera Kapur-Dromson ni waandishi wa Kenya. Asili ya familia zao ni India, lakini reli, duka na Nairobi ndivyo vilivyowalea. Kuwaita lekhika wa India ni kuwanyang'anya nchi yao.

Je, wenyewe wanalipenda jina hili? Si wote. Wapo wanaolivaa kwa fahari, na Karnataka kuna chama cha waandishi wa kike kinachobeba neno lekhaki katika jina lake. Wapo wanaoona ni kama kibanda cha pembeni walichojengewa ili sebule ibaki ya wengine. Krishna Sobti, aliyepewa Jnanpith mwaka 2017, zamani alikuwa ameandika kwa Kihindi riwaya ya Mitro, mke kijana anayesema matamanio yake mbele ya wakwe. Kisha, alipotaka kuwaandika waandishi wenzake na marafiki jinsi alivyowaona, akajipa jina la kiume, Hashmat, na kutoa mfululizo wa vitabu, Hum Hashmat. Mkono ni ule ule, kalamu ni ile ile. Ila jalada sasa lilibeba jina la mwanamume, na mwanamume huyo, akisema "ninaandika", husema likhta hoon.