Saketi ya kuchapwa na hewa yetu ya chumvi

Mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, hujua maji yamezidi joto akishaona mwani unaanza kuwa mweupe na kukatika kambani. Wakati huo amekwisha chelewa. Kipimajoto chenye redio, kinachotumia jua, kingemwambia mapema ili awahi kuhamishia kamba kwenye kina kirefu. Na kifaa cha namna hiyo siku hizi kinaweza kuchapwa juu ya plastiki nyembamba.

Kuchapwa hasa, karibu sawa na mafundi wetu wanavyochapa fulana. Wino wenye chembe za fedha husukumwa kupitia wavu, ukaacha njia za umeme na antena pale tu zinapotakiwa. Kwenye saketi za kawaida shaba hufunika bao zima, kisha sehemu kubwa huondolewa kwa dawa kali. Unafuu wa kuchapa unaanzia hapo. Wino huokwa, mara nyingi kwa nyuzi 120 hadi 150, chembe zikashikana. Chipu haichapwi. Hubandikwa kwa gundi inayopitisha umeme, kwani joto la kulehemu lingeikunja plastiki.

Umeme si tatizo. Jua kali la mchana hutupa karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo kipande cha sola cha sentimita 10 kwa 10 kinachogeuza asilimia 5 tu hutoa nusu wati. Kifaa kinachoamka kila nusu saa, kikapima, kikatuma ujumbe mfupi kisha kikalala, huhitaji sehemu ndogo tu ya hiyo.

Tatizo ni hewa yetu. Sola za kuchapwa, hasa za perovskaiti (aina ya fuwele inayogeuza mwanga kuwa umeme), huharibiwa na unyevu. Ndiyo maana nikiletewa kifaa hiki siulizi kwanza wati zake. Nautazama ukingo, plastiki mbili zilipokutana na waya ulipotokea, maana maji huingilia hapo. Pili, kifaa kuweza kukunjika hakumaanishi kuvumilia mawimbi ya kusi mchana kutwa. Wino hupata nyufa. Kibandikwe juu ya ubao mgumu, kifungwe kwenye mti mrefu kupita maji ya bamvua, kwa sababu mawimbi ya redio hayapenyi maji ya chumvi. Kinachozama kiwe kihisio, yaani sehemu inayopima joto, peke yake na waya wake.