Rupia ikishasuguliwa, imekwisha

Juzi kijana mmoja wa Tanga kaniletea rupia ya Mjerumani ya 1905 aliyoachiwa na babu yake. Kaifungua kwenye leso, inameta kama sufuria mpya. "Nimeisugua kwa majivu na ndimu, mzee, ili uione vizuri." Ni wa tatu mwezi huu. Nasema tena, safari hii kwa maandishi: msisugue sarafu za madini ya fedha!

Weusi ule si uchafu. Fedha ikikutana na salfa ya hewani hujivika ngozi nyembamba, na kwa kawaida ngozi hiyo haipunguzi thamani. Wakati mwingine huiongeza, hasa ikiwa imetulia sawasawa na kugeuka buluu au zambarau ukingoni. Kinachoondoka kwa majivu ni fedha yenyewe.

Watu huchanganya kumeta na mng'ao wa kiwandani. Sarafu inapogongwa, madini husukumwa kutoka katikati kwenda ukingoni, yakaacha mistari myembamba ambayo jicho haliioni. Ishike kwa ukingo chini ya taa moja, iinamishe polepole: utaona mwanga unazunguka usoni kama njiti za gurudumu. Iliyosuguliwa haizungushi chochote. Inameta yote kwa pamoja, kila upande, na ukitazama kwa lenzi utakuta mikwaruzo imelala kufuata mkono uliosugua. Mng'ao ule haurudi. Dawa ya meno ni mkwaruzo uleule, umetiwa harufu nzuri tu.

Kulika nako kuna mtego. Kwenye rupia hizi naanza kwa tai aliye juu ya kofia ya Kaiser, yule mfalme wa Ujerumani aliye usoni mwa sarafu. Kifua chake kikiwa bapa, wengi husema papo hapo: imechakaa. Huenda. Lakini huenda pia haikugongwa kwa nguvu ya kutosha. Palipolika pana kijivu laini kilichokufa. Pasipogongwa vizuri mng'ao bado unapita juu yake. Geuza na utazame mahali palepale upande wa pili, kwa kuwa madini yaliyokosa kujaza huku mara nyingi yamekosa na kule. Hata hivyo, kati ya "haijatumika" na "imetumika kidogo mno" nimewahi kuandika daraja moja asubuhi na jingine jioni, sarafu ni ileile, taa ni tofauti. Na iliyochovywa kwenye dawa ya kung'arishia mara moja miaka 40 iliyopita, ikatulia ikapata rangi upya, sina hakika kwamba naitambua kila mara.

Riale, ile sarafu kubwa ya fedha, yenye mwaka 1780 naipita haraka. Huo ni mwaka aliofariki Maria Theresia, malkia wa Austria aliye usoni mwake. Baada ya hapo ziliendelea kugongwa na mwaka uleule Vienna, London, Roma, Bombay na kwingineko, hata katika karne ya 20. Pima kwanza: ziwe gramu 28 hivi, na ukingo uwe na maandishi yaliyoinuka. Kisha tafuta lehemu au tundu lililozibwa, maana nyingi zilivaliwa shingoni.

Kama sarafu ina udongo au chumvi, iloweke kwenye maji yaliyochujwa kwa mvuke hata siku mbili. Mafuta yanatoka kwa asetoni safi, siyo ile ya kufutia rangi ya kucha yenye manukato. Ikaushe kwa kuigandamiza kwenye kitambaa laini, bila kufuta. Basi.

Ya yule kijana niliipima: gramu 11.6, wakati ilitoka kiwandani na 11.66. Kwa hiyo haikuzunguka sana sokoni kabla babu hajaiweka. Nikamwonyesha kwa lenzi katikati ya herufi za DEUTSCH OSTAFRIKA, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, kwenye mianya ambayo kidole chake hakikufika. Mng'ao wa 1905 bado umo mle, mzima. Aliitazama muda mrefu, kisha akauliza kama sonara anaweza kuurudisha kote. Nikamwambia hapana.