Vita vya mbali, vijiwe vya Tanga: tunachoamini kuhusu habari na ukweli wake

Vita vikilipuka popote duniani, siku hiyohiyo vinafika Ngamiani, hapa Tanga. Kahawa haijapoa, watu wameshagawana pande kama Simba na Yanga. Mtu kuwa na upande si kosa. Kinachoniuma ni imani tulizonazo kuhusu habari zenyewe, maana zinatufanya tugombane juu ya mambo ambayo hakuna kati yetu aliyeyachunguza.

"Chombo chenye upendeleo ni kile kinachosema uongo."

Mara nyingi upendeleo umo kwenye kisichosemwa, na ushahidi tunao hapahapa Tanga. Mwanzoni mwa Novemba 1914, kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, Tanga ikiwa chini ya Wajerumani, Waingereza walileta askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, wakawashusha Ras Kasone chini ya Jenerali Arthur Aitken. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliwakabili na watu kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika. Baada ya mapigano ya tarehe 4 Waingereza walirudi melini. Zaidi ya watu wao 300 walikuwa wameuawa, na nyuma waliacha mamia ya bunduki na risasi laki kadhaa. Msomaji wa gazeti kule London hakuambiwa. Serikali yake iliificha habari hiyo kwa miezi kadhaa, na hapakuwa na haja ya mwandishi yeyote kudanganya. Kunyamaza kulitosha.

Kisha kuna kisa cha nyuki. Kwamba nyuki waliochokozwa na risasi waliwavamia askari wa pande zote mbili, hilo lilitokea kweli. Propaganda ya Waingereza ikaongeza lake: eti Wajerumani waliitega mizinga kwa nyaya ili adui akipita nyuki watoke. Ni hadithi tamu, na inasimuliwa hadi leo. Lakini tazama ilichofunika. Waingereza wenyewe walitoa onyo kwa mji tarehe 2, wakampa mpinzani muda wa kuleta askari kwa reli kutoka Moshi. Hilo ndilo lililohitaji kuulizwa kwa sauti, na ndilo ambalo wasimuliaji wengi hulipita haraka ili wafike kwenye nyuki. Wanaokumbukwa kwa majina ni makamanda wawili wa Kizungu. Wahindi na Waafrika waliokufa kwenye minazi na mashamba yetu wamebaki kuwa idadi.

"Shirika kubwa likitangaza, limeshahakiki."

Huwa wanahakiki, sikatai, na wapo waandishi waliokufa wakitafuta ukweli. Ila vita vina presha yake. Oktoba 1990 msichana aliyetambulishwa kwa jina moja tu, Nayirah, aliwaambia wabunge wa Marekani kwamba aliona askari wa Iraq wakiwatoa watoto wachanga kwenye mashine za kuwatunzia joto hospitalini Kuwait na kuwaacha wafe sakafuni. Dunia nzima iliyarudia maneno yale. Vita vilipokwisha ndipo ikajulikana kuwa ni binti wa balozi wa Kuwait mjini Washington, na kwamba ushahidi wake uliandaliwa kwa msaada wa kampuni ya uhusiano wa umma, Hill & Knowlton. Madai yenyewe hayakuthibitika.

Mwaka 2003 ikawa zamu ya silaha za maangamizi za Iraq, zilizotajwa kuwa sababu ya vita na hazikupatikana. The New York Times liliwaeleza wasomaji wake Mei 26, 2004 kwamba baadhi ya habari zake kuhusu jambo hilo hazikuwa na umakini uliostahili. Lilikuwa limewaamini mno wakimbizi wa Iraq waliotaka Saddam aondolewe. Wakati huo vita vina zaidi ya mwaka.

Sisi wa Tanga tuko mwisho wa mnyororo huo. Gazeti letu halina mwandishi kwenye uwanja wa vita. Hutafsiri mashirika ya habari ya kimataifa: Reuters, AFP au AP. Redio za nje za Kiswahili tunazozitegemea nyingi huendeshwa kwa fedha za serikali za nchi zao, Ujerumani, Uingereza, China, Iran. Hilo peke yake halizifanyi kuwa za uongo, lakini ni jambo la kulijua. Kwa hiyo redio tano zikisema neno moja, usidhani una mashahidi watano. Huenda wote wamemnukuu msemaji mmoja wa jeshi.

"Video haidanganyi."

Kijana wa barabara ya 12 ananisogezea simu: "Mzee wangu, si unaona mwenyewe?" Usiku, mistari ya moto, ndege inaanguka. Hakuna sauti ya mtu anayepiga kelele, hakuna tarehe, hakuna mji. Vipande vya mchezo wa kompyuta uitwao Arma 3 vimesambazwa hivyohivyo kama vita halisi, mpaka waundaji wake wakatoa onyo rasmi mwaka 2022.

"Pande zote zikipewa nafasi sawa, haki imetendeka."

Wasemaji wawili wakipingana, msikilizaji hajaambiwa kitu bado. Kazi ya mwandishi ndiyo kwanza inaanza: daftari la hospitali linasemaje, kipande cha kombora ni cha nani, picha ya setelaiti ni ya lini?

"Wote waongo, bora nimsikilize wa kwetu."

Hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. RTLM ya Rwanda ilikuwa redio ya nyumbani. Ilianza kurusha matangazo mwaka 1993, ikapiga muziki, ikachekesha, ikazungumza kama watu wa mtaani, na wengi wakaipenda. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, ikataja majina ya watu na mahali walipo, nao wakauawa. Waandishi wengi wa nje walikuwa Afrika Kusini wakisubiri uchaguzi wa Mandela, na waliotupia jicho Rwanda wengi wao waliita yale ugomvi wa makabila. Kamera zilikuja kwa wingi baada ya wakimbizi kama robo milioni kuvuka Rusumo kuingia Ngara mwishoni mwa Aprili. Kanda za RTLM zilichezwa Arusha, mbele ya majaji wa mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda, na Desemba 3, 2003 waanzilishi wake wawili, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, walitiwa hatiani pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura.