Fomu ya Macho Haiishii Kwenye Begi la Mtoto

Kila inapokaribia Siku ya Afya ya Macho Duniani, Alhamisi ya pili ya Oktoba, tunazunguka shule za msingi kupima uoni wa wanafunzi. Na kila mara wazazi huja juu: "Mwanangu mmempa fomu ya nini? Mbona haumwi?"

Haumwi, ni kweli. Upeo mdogo wa macho kuona, yaani macho kutoona sawasawa bila miwani, hauumi. Mtoto ambaye siku zote anauona ubao una ukungu hajui kwamba mwenzake anauona vingine, atakuambia nini? Atanakili kwa jirani, atakunja uso, ataisogelea televisheni, na muhula ukiisha ataitwa mzembe.

Upimaji wenyewe ni huu. Mwalimu aliyepewa mafunzo hupima mita 6 kwa futikamba, si kwa hatua. Narudia, si kwa hatua. Chati ya herufi E hubandikwa usawa wa macho ya mtoto, penye mwanga wa kutosha bila jua kumpiga usoni. Jicho moja hufunikwa kwa kadi. Vidole hatuviruhusu, maana mtoto huchungulia katikati yake, na vikilikandamiza jicho litaona ukungu kwa muda. Mtoto huonyesha kwa mkono E imeelekea wapi. Katika mstari wa 6/12 apatie 4 kati ya 5, kila jicho peke yake. Hiyo 6/12 maana yake anakiona kwenye mita 6 kile ambacho mwenye macho mazima angekiona kwenye mita 12. Akishindwa hurudiwa. Akishindwa tena, ndipo fomu ya rufaa.

Fomu inakutaka umpeleke kliniki ya macho, basi. Huko anaweza kutiwa matone ya kutanua mboni: vitu vya karibu vitakuwa na ukungu na mwanga utamsumbua kwa saa kadhaa, pengine hadi kesho yake. Hajaharibiwa. Mvalishe kofia.

Miwani haiharibu macho. Sijui niliseme kwa namna gani nyingine. Akiivua akaona vibaya, alikuwa anaona vibaya hivyo hivyo tangu mwanzo. Sasa ameijua tofauti. Karoti mle, vitamini A ni muhimu, lakini hazirekebishi upeo. Na yule shangazi anayeuliza binti mwenye miwani ataolewa na nani, tumwache kwanza.

Jicho moja likiwa dhaifu, au mtoto akiwa na makengeza, ubongo hulitegemea lile zima na kulisahau jingine. Kabla ya miaka 7 au 8 hurekebishika vizuri zaidi, ndiyo maana tunawawahi wa awali na darasa la kwanza. Ukiona weupe ndani ya mboni usitusubiri: siku hiyo hiyo nenda hospitali. Unaweza kuwa mtoto wa jicho, unaweza kuwa saratani. Usitie maziwa ya mama wala maji ya majani.

Kwa walimu: chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taarifa za afya ni nyeti. Majina ya waliopewa rufaa hayasomwi mstarini, hayabandikwi ukutani, hayapigwi picha kwenda kundi la WhatsApp.

Mzazi asiyetaka mwanawe apimwe shuleni aandike hivyo kwenye fomu ya ridhaa, hatumlazimishi. Kumnyima mtoto matibabu ni jambo jingine. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mzazi wajibu wa kumtibia, na anayeukiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili. Mimi ni mtu wa macho, sina hamu ya kumwona mtu mahakamani.

Tukipita shuleni kwenu, muulize mtoto jioni hiyo hiyo kama amepewa karatasi. Baadhi ya fomu za msimu uliopita nilizikuta zimejalidiwa madaftari.