Kwa nini mkorosho wenye sisimizi wa maji moto hauungui machipukizi?

Mvua zikiisha na mikorosho ikianza kuchipua, pita Newala au Nachingwea, kusini mwa Tanzania, uangalie miti ya uani. Mmoja ncha zake zimekauka, nyeusi kama zilizobabuliwa na moto. Wa pili, uliojaa viota vya maji moto, sisimizi wanaojenga kwa majani mtini, ni kijani hadi juu. Aliyeunguza ule wa kwanza ni mbu wa mikorosho.

Si mbu wa malaria huyu. Ni mdudu mwembamba mwenye kijiti mgongoni, kileleni kina kifundo kama kichwa cha pini. Hufyonza chipukizi laini na kuliachia mate yenye sumu. Alipochoma panatoka doa jeusi refu; madoa yakiungana, chipukizi hufa pamoja na maua yake. Salfa haimsaidii mkulima hapa: hiyo ni dawa ya ubwiriunga, ambao ni ugonjwa wa ukungu.

Maji moto huwinda wadudu, na huzunguka usiku na mchana kwenye ncha zilezile anazozitaka mbu. Mbu mwenye mabawa huruka zake; mtoto wake, asiye na mabawa, huishia kiotani.

Kuwahamishia maji moto mti mwingine kunawezekana. Jipake majivu mikononi, kisha alfajiri, wengi wakiwa bado ndani, kata kitawi chenye kiota, kitie kwenye kiroba na ufunge mdomo upesi. Kitundike siku hiyohiyo. Wengi hukosea kwa kuchukua viota viwili vitatu tu: malkia amebaki kule, na kundi lisilo na malkia hufifia hadi kwisha. Wengine huchanganya makundi mawili, yakauana. Jaribu kwanza: weka wachache wa mti huu kwenye kiota cha ule. Wakivutana miguu, hao si ndugu.

Angalia na shina. Sisimizi wadogo wa kahawia, wenye askari wa vichwa vikubwa, huishi ardhini na huwafukuza maji moto. Shamba lililopaliliwa hadi likawa jeupe huwapendeza wao, kwa hiyo acha majani mafupi, na uunganishe miti kwa kamba ili maji moto wasilazimike kushuka.

Korosho huokotwa chini, kwa hiyo kuumwa si sana. Kwenye mwembe wenye maji moto, usikwee. Chuma kwa upembo.