Desh si dola

Wiki iliyopita nilimsindikiza jamaa yangu kwa fundi cherehani hapa Ruwi, Muscat, akapimwe kanzu ya Idi. Fundi ni Mbengali, mtu wa makamo, miwani kaishusha mpaka ncha ya pua, vidole vinashughulika na kile kishada cha shingoni ambacho bila yake kanzu ya Kiomani haijawa kanzu. Jamaa akamuuliza kwa Kiarabu cha madukani: balad yako wapi? Fundi akajibu bila kuinua uso: "Barisal." Tulipotoka nje jamaa akacheka. "Namuuliza nchi, ananitajia mji. Mtu hata jina la nchi yake halijui!"

Nilinyamaza pale kwa kuwa jua lilikuwa kali na barabara ina kelele. Lakini maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, na si kwa wanunuzi wa kanzu peke yao. Kuna msomaji mmoja, mtu ninayemheshimu, aliwahi kuniletea mstari wa shairi la Kibengali uliotiwa Kiswahili, umeandikwa "nchi ya Kartik," akaniuliza Kartik ni nchi gani, mbona haioni kwenye ramani. Kartik ni mwezi. Ni mwezi wa katikati ya Oktoba hadi katikati ya Novemba, mpunga unapoelekea kuiva.

Makosa yote mawili yanatoka kwenye neno moja, desh: ndilo fundi alilolijibu moyoni alipoulizwa balad, na ndilo lililo kwenye mstari ule wa shairi. Kwa Kibengali desh ni mahali mtu anapotoka: kijiji chake, mto wake, udongo wa wazee wake. Hutumika pia kwa nchi yenye bendera na pasipoti. Maana ndiyo hiyo, haina fumbo. Kinachoniumiza ni watu kuishika maana ya pili peke yake, kisha wakamhukumu nayo mtu anayesema ile ya kwanza.

Neno lenyewe ni la kale. Limetoka kwenye Kisanskriti, na nyuma yake upo mzizi dish, kuonyesha, kuelekeza. Dish hiyohiyo ni upande, kama tunavyosema upande wa kaskazini au wa kusini. Kwa hiyo desh kwa asili yake ni pale panaponyoshewa kidole. Pale, penye ule mwembe. Pale, ng'ambo ya kivuko. Mzizi huohuo umezaa upadesh, yaani nasaha, kwa sababu anayekunasihi anakuonyesha njia. Mimi nikilisikia neno desh naona kidole kwanza, ramani baadaye sana.

Tia kiambishi cha mbele, upate bidesh. Kamusi zitakwambia "nchi za nje," na siku hizi ni kweli, lakini sisi tunalo neno linalokaa vizuri zaidi: ugenini. Mtu anaweza kuwa ugenini bila kuvuka mpaka wowote. Tia irabu nyuma, upate deshi, na hapo Mswahili hahitaji kufafanuliwa. Kuku wa deshi ni kuku wa kienyeji, yule mwembamba wa miguu mirefu anayepekua uani, na huko pia bei yake iko juu na mchuzi wake unasifiwa. Hakuna anayemuuliza kuku yule uraia.

Tena sisi tusijione tofauti sana. Neno letu "nchi" nalo lilianzia chini, ardhini. Nahodha anayesema ameona nchi kavu hataji dola yoyote. Mwananchi alikuwa mtoto wa ardhi kabla hajawa mtu wa kitambulisho. Ila neno hilo limekwenda mbali, limeingia bungeni na kwenye hotuba, sasa ukimuuliza mtu nchi yake atakutajia Tanzania au Kenya. Maana ile ya kwanza tumeiachia "kwetu." Kwenu wapi? Kwetu Makunduchi. Kwetu Wete. Mtu amezaliwa Dar es Salaam, amesoma Dar es Salaam, Desemba ikifika utamkuta kituo cha mabasi anakwenda Moshi, na akikwambia anakwenda nyumbani humshangai.

Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, ni hivyohivyo. Idi ikikaribia jiji linamwagika. Watu wanajazana bandari ya Sadarghat kupanda meli za mtoni za ghorofa kadhaa, usiku kucha wako majini kwenda Barisal na vijiji vya kusini, na kila mmoja anakwambia anakwenda desher bari, nyumba ya desh. Kitanda chake na kazi yake viko Dhaka. Nyumba ya desh ni ile nyingine, hata kama anailala siku tano kwa mwaka.

Na wako wenye habari ngumu zaidi. Mwaka 1947, India ilipogawanywa, Bengal ilikatwa vipande viwili, magharibi ikabaki India na mashariki ikawa sehemu ya Pakistani, mpaka 1971 ilipojitoa na kuwa Bangladesh. Mamilioni walihama. Katika mitaa ya Kolkata utawakuta wazee waliozaliwa palepale mjini, wenye hati za India, hawajapata kuvuka mpaka maishani mwao, na ukiwauliza desh yao watakujibu Faridpur, Bikrampur, Barisal, zote ng'ambo ya mpaka, upande wa mashariki. Kwa mizani ya jamaa yangu, hawa wote hawaijui nchi yao. Wanaijua mno, nami nadhani ndiyo sababu wazee wengine hulijibu swali hilo kwa sauti ya chini.

Hata jina Bangladesh lenyewe linasomwa vibaya. Rabindranath Tagore alitunga nyimbo za kuipenda Bengal enzi za vuguvugu la 1905, Waingereza walipoigawa kwa mara ya kwanza, na katika mmojawapo anazungumza juu ya moyo wa Bangladesh. Nimewasikia watu wakisema mshairi alitabiri, aliiona dola miaka 66 kabla haijazaliwa. Hakutabiri kitu. Alisema desh ya Bangla, mahali panaposemwa Kibengali, mashariki na magharibi pamoja, na watu wa kila upande walilitumia jina hilo kwa maana hiyo. Dola ilikuja baadaye ikalichukua jina lililokuwa likipita midomoni mwa watu. Haki yake kulichukua, lakini tusiwasomee marehemu mashairi yao kwa pasipoti zetu.

Anayetaka kuijua desh ilivyo, akasikilize washairi wanavyohesabu ndege. Huku ndiko ninakopenda kukaa. Jibanananda Das alizaliwa Barisal mwaka 1899, mji ule wa fundi wetu. Miaka ya 1930 alijaza daftari zima la mashairi juu ya pande zile, akaliweka. Mwaka 1954 aligongwa na tramu Kolkata akafa, na daftari likachapwa 1957. Yeye pia hakuwa tena kwenye desh yake, mpaka ulikwisha pita katikati.

Katika shairi linalojulikana kuliko yote ya daftari lile anasema atarudi, ukingoni mwa mto Dhansiri, ambao ni mto mdogo tu wa pande za Jhalokati. Huenda asirudi mtu. Huenda akarudi mwewe, yule wa kichwa cheupe anayezunguka juu ya maji, au ndege aitwaye shalik. Huenda akarudi kunguru wa alfajiri. Kunguru wa kawaida wa Bengal, mwenye shingo ya kijivu, ndiye huyuhuyu aliyeletwa Unguja enzi za wakoloni na anayetunyang'anya samaki sokoni mpaka leo. Sisi tunamtupia mawe, huko mtu ametamani kuzaliwa upya ndani ya manyoya yake, ilimradi aamke kulekule. Halafu anatoa alama zingine za kumtambulia: bundi akilia juu ya mti wa jamii ya msufi, mtoto anatawanya bisi za mpunga kwenye majani ya uani, kijana anapiga kasia mto Rupsha na tanga lake jeupe limechanika, yangeyange wanarudi viotani mawingu yakiwa mekundu. Bundi wetu ni nuksi. Bundi wao yule mweupe ni ndege wa Lakshmi, mungu wa neema wa Wahindu, akilia ni heri. Nisipolijua hilo nitalisoma shairi zima kama msiba.

Na ndimo ulimo ule mstari wa Kartik. Anasema kunguru atakuja kwenye desh ya navanna ya Kartik. Navanna ni karamu ya mchele mpya, wali wa kwanza wa mavuno. Mahali panatambulishwa kwa mwezi na kwa harufu ya chungu. Ukiandika "nchi," msomaji ataifungua ramani, kama yule rafiki yangu, na ramani haina harufu. Mimi ningeandika "kwetu kwenye wali mpya wa Kartik," hata kama kuna atakayesema nimeongeza. Sijaongeza. "Kwetu" ilikuwa imo.

Shairi jingine la daftari hilohilo linaanza kwa kusema nimeuona uso wa Bengal, sina haja tena ya kuutafuta uzuri wa dunia. Mtu akisema hivyo unategemea akuonyeshe milima au majumba. Anachoonyesha ni doyel, ndege mdogo mweusi na mweupe, ameketi gizani kabla hakujacha chini ya jani kubwa kama mwavuli, kwenye mkuyu. Basi. Mkuyu tunao, jani tunalijua, ndege wa alfajiri tunaye. Uso wa desh ni kitu cha ukubwa huo, kinaenea kwenye jicho la mtu mmoja aliyeamka mapema. Bangladesh ilipokuwa dola ilimchagua doyel kuwa ndege wa taifa, ikamchapa kwenye noti ya taka mbili (taka ndiyo fedha yao), na nimefurahi kwa ajili yake, ila yeye alikuwa chini ya jani lile zamani.

Juzi nilirudi peke yangu kuchukua kanzu ya jamaa. Nje ya duka, maji ya kiyoyozi yanapodondokea kwenye sakafu ya barabarani, walikuwapo ndege wawili wa kahawia, midomo ya njano na njano nyingine kuzunguka macho, wanatembea kwa madaha kama wenye nyumba. Hao ndio shalik, jamaa ya kwezi wetu, na huku Oman ni wageni, hawakuwapo zamani. Nikamwonyesha fundi. Akawatazama juu ya miwani, akasema vizuri, wako wawili, maana kwao ukimwona mmoja peke yake siku yako imeharibika. Nikamuuliza kwa Kibengali changu cha kuokoteza, desh kothay, kwenu wapi? Mara hii aliweka sindano chini. Hakunijibu Barisal tu. Alianza na kivuko, akaja kwenye mfereji unaopita nyuma ya nyumba, akanieleza namna mapera yanavyouzwa ndani ya mitumbwi, mnunuzi na muuzaji wote wako majini, na mkono wake ukawa unaonyesha kushoto, kulia, hapa, pale, katikati ya vitambaa vya watu.

Kanzu nilimpelekea jamaa yangu nyumbani. Imemkaa vizuri, na kishada kimetulia. Yeye ni mtu wa Ibra, ingawa kazaliwa Unguja na nyumba yake iko Muscat, na kila Alhamisi jioni akifunga mlango wa gari huniambia anakwenda balad. Nilimwambia polepole, maana ni mkubwa kwangu: ammi, siku nyingine ukitaka jina la nchi muulize dola, atakwambia Bangladesh mara moja. Ile siku ulimuuliza balad, naye alikujibu.