Ni "splitting hairs", sungura hana makosa hapa

Juzi kwa grupu ya ploti yetu keyateka aliandika gari ya taka itakuja Jumatano asubuhi saa sita, jirani mmoja akasema saa sita si asubuhi ni mchana, basi mwingine akamrukia na Kizungu, "stop splitting hares", akimaanisha aache kupima tofauti ndogo isiyo na maana. Nilicheka peke yangu kwa matatu mpaka konda akaniangalia. Hares ni sungura jameni!

Najua inatoka wapi, hare na hair zinatamkwa sawa kabisa kwa hivyo ukiwa umesikia tu hujawahi kusoma utaandika chochote. Lakini ni hairs, nywele. Picha ni ya mtu ameshika unywele mmoja, kitu ya kama milimita 0.1 hivi, na bado anataka kuupasua katikati. Na usiache ile s ya mwisho, "splitting hair" inasomeka ni kama uko Kenyatta Market unasukwa na ncha zako zimekatika.

Kuna wale husema msemo ni wa juzi, wa mitandao. Wapi. Shakespeare kwa tamthilia yake Henry IV sehemu ya kwanza, iliyochapishwa 1598, ana mhusika Hotspur anasema rafiki anayestahili atampa ardhi hata mara tatu ya hiyo wanayogawana, lakini ikiwa ni kupatana bei atabishania hata sehemu ya tisa ya unywele. Si maneno yaleyale, lakini si unaona unywele ulianza kugawanywa kitambo.

Sasa hii ndio hunikera zaidi: watu wanadhani ni ugomvi wowote mdogo. Majirani wawili wakitupiana maneno juu ya kamba ya kuanika nguo, hiyo ni bickering. Splitting hairs ni kutenganisha vitu viwili vyenye tofauti ndogo sana hata haina maana kwa hiyo stori. Pia si kugombania fito, hiyo ni ya watu wanaojenga nyumba moja. Na nitpicking ni binamu tu, nit ni yai la chawa, hapo unatafuta vikosa vidogo vidogo.

Ya haraka: hakuna "splitted", ni split hata jana. Ikiwa jina weka kistari, hair-splitting.

Kwa hivyo yule wa sungura maana aliipata, spelling ndio ilimponyoka. Ila kusema ukweli kwa hiyo ya saa sita mimi niko upande wa yule jirani, juu nilikosa hiyo gari.